Mahamri ya mwenye kisukari: Vidonge, unga au matone?

Huenda haya yamekufika nyumbani kwako. Baba ametoka kliniki na cheti mkononi, ameambiwa ana ugonjwa wa kisukari. Jioni hiyo hiyo mkebe wa sukari unafichwa kabatini, na kesho yake chai inanywewa kwa kukunja uso. Siku ya tatu mama anapitia duka la dawa pale Changamwe na kurudi na kijikopo cha vidonge. Chai inanyweka tena. Lakini Jumapili inapofika, mzee anataka mahamri yake kwa mbaazi. Hapo ndipo kazi ilipo.

Sukari haileti utamu peke yake. Hulisha hamira, huupa mkate rangi, hufanya keki ijae na kubaki laini. Vibadala vyake vinaleta utamu tu. Sakarini, kwa mfano, iliyogunduliwa mwaka 1879, ni tamu kuliko sukari mara 300 au zaidi, kwa hivyo chembe ndogo yatosha. Ukiondoa kikombe kizima cha sukari ukatia chembe, lile pengo utalijaza na nini?

Vidonge ni vya chai, uji na kahawa. Vilivyotengenezwa kwa aspartami vitie baada ya kuepua, kwani utamu wake hupotea ukikaa motoni. Kwa upikaji, tafuta sukralosi au stivia, ambazo huvumilia moto. Stivia hutoka katika majani ya mmea wenye asili ya Paraguay, na hata wakulima wa Kericho wamewahi kuulima. Ile ya unga inayopimwa kijiko kwa kijiko kama sukari huwa imechanganywa na kitu kingine ili ijae, basi soma karatasi ya mkebe. Ya matone ni kali. Ukizidisha, chakula huacha uchungu ulimini.

Sasa mahamri. Kwa nusu kilo ya unga, usiogope kutia kijiko kimoja cha chai cha sukari halisi pamoja na hamira. Kikigawanywa kwa mahamri yote, hakimfikii mtu ila kidogo sana. Kibadala cha unga kikoroge katika tui vuguvugu ndipo ukande, na iliki usiifanyie ubahili, maana harufu yake huudanganya ulimi. Unga utachelewa kuumuka, usiuharakishe. Na ukikaanga, usingoje wekundu uliouzoea. Hauji, na ukiungoja mahamri yatakauka.

Mkate wa sinia ni rahisi zaidi. Rojo lake hupokea matone vizuri, mradi ukoroge sawasawa. Kaimati zenyewe zapikika, ila shira haitakuwa shira, kwa sababu unene wake ni sukari yenyewe. Ama kashata na halwa, usijisumbue. Hapo sukari ndiyo chakula.

Keki ndiyo hutia watu aibu mbele ya wageni. Siagi ikipigwa na sukari hushika hewa. Ikipigwa na kibadala haishiki, keki ikatoka bapa kama chapati. Mimi naona afadhali upunguze sukari hadi nusu, nusu ya pili iwe kibadala cha unga, utumie kibati kidogo, na mgonjwa akatiwe kipande chembamba.

Kuna wanaokwenda soko la Kongowea wakarudi na asali, tende au sukari guru, wakiamini kuwa vitu vya asili havimdhuru mgonjwa. La hasha. Vyote hivyo vina sukari na vitaipandisha damuni. Tena hata hamri lisilotiwa sukari bado ni unga wa ngano, nao mwilini hugeuka sukari. Mawili yatosha, sita ni kujitafutia makuu.

Nanyi wanafunzi mnaokunywa soda za daieti ili mwili upungue, jueni kuwa Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vibadala hivi visitumiwe kwa nia hiyo. Ushauri huo haukuwahusu walio tayari na kisukari.

Lakini ule mkebe uliofichwa, usiutupe. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari huweza kushukiwa na sukari ghafla, hasa akikosa kula: jasho jembamba, kutetemeka, maneno kuchanganyika. Wakati huo kibadala hakimfai hata chembe, na soda ya daieti vile vile. Mkorogee vijiko vitatu vya chai vya sukari halisi katika maji anywe, kisha ale kitu. Akiwa amezirai, usimtie chochote kinywani. Tafuta gari mara moja, mpelekeni hospitali iliyo karibu.