Muungano Mmoja, Sheria Mbili za Kifo

Nauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na wateja wangu wengi ni wa Unguja. Mimi na wao Mahakama yetu ya Rufani ni moja, lakini sheria ya jinai si jambo la Muungano: Bunge hutunga ya Bara, Baraza la Wawakilishi hutunga ya Zanzibar. Pande zote mbili zimebakiza adhabu ya kifo, ingawa hakuna aliyenyongwa tangu 1994. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika, Arusha, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu kwamba kumlazimisha jaji atoe adhabu hiyo kunakiuka haki ya kuishi. Upande mmoja unaweza kuifuta adhabu ya kifo bila kuusubiri mwingine. Mimi nataka Bara ianze.