“Nashuka mara moja tu”: mtoto, ufunguo na mwizi wa gari

Mchana karibu na soko la Mabibo, gari limeegeshwa pembeni, injini inaunguruma, mtoto amelala siti ya nyuma. Mama amekimbilia ndizi. Ameacha kiyoyozi ili mwanawe asipate joto.

Mwizi hahitaji zaidi ya hapo. Havunji kioo, hachokonoi waya. Anafungua mlango na kuondoka. Wenye magari ya kuwasha kwa kitufe nao wasijidanganye kwamba ufunguo uko kwenye pochi. Injini ikishawaka, mengi huendelea kutembea hata ufunguo ukiwa mbali.

Basi azime na kufunga vioo? Hapana. Gari lililofungwa juani linaweza kupanda nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto hupata joto mara 3 hadi 5 haraka kuliko wa mtu mzima. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana. Zima, shuka naye, funga. Atalia kwa kukatishwa usingizi, na alie.

Gari lenyewe lina kinga zake: kufuli la usukani linaloonekana kutoka nje, swichi ya siri ya kukata mafuta iliyofungwa na fundi unayemwamini, namba za gari kuchongwa kwenye vioo na saiti mira, maana wapo wanaotaka saiti mira tu.

Likichukuliwa na mtoto ndani, usining’inie mlangoni. Piga 112. Anza kwa kusema kuna mtoto ndani, kisha taja namba, rangi na njia lilikoelekea.