Kilo moja ya premiksi iliyogharimu vifaranga 89

Leo naanza na kosa langu mwenyewe, maana nikilificha na nyie mtalirudia.

Msimu uliopita kijana mmoja katika kata yangu aliingiza vifaranga 400 wa kuku wa nyama. Ni mfugaji makini: banda safi, maranda makavu, chanjo zote kwa wakati. Ili kupunguza gharama aliamua kuchanganya chakula mwenyewe: mahindi, pumba, soya, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa na chumvi. Premiksi akaiacha. "Bwana mifugo, kale kaunga kidogo vile, bei yake haielezeki," aliniambia. Nikacheka, nikampongeza kwa kubana matumizi. Wala sikunusa dagaa wake, waliokuwa wamekaa miezi miwili kwenye gunia chini ya bati.

Wiki ya 3 akanipigia simu. Nilikuta vifaranga wamevimba chini ya kifua na tumboni, ngozi ina rangi ya kijani iliyochanganyika na bluu, wengine wamesimama miguu ikiwa imetanuka. Nikadhani ni bakteria. Nikamwandikia antibayotiki ya siku 5. Akanunua, akawapa, na vifo vikaendelea.

Siku ya 6 tulipeleka mizoga kwa daktari wa mifugo wa wilaya. Kabla hajashika kisu aliuliza swali ambalo mimi sikuuliza: "Mnawalisha nini?" Alipopasua, chini ya ngozi kulikuwa na majimaji mazito ya kijani, na nyama ya kifua ina mistari myeupe. Jibu lake: upungufu wa seleni na vitamini E.

Seli nazo hupata kutu

Msumari ukiachwa nje unapata kutu. Mafuta yakikaa sana kwenye joto yanaharibika na kutoa harufu kali. Yote hayo ni kazi ya oksijeni, na ndani ya mwili wa kuku hali ni hiyo hiyo. Kifaranga wa nyama anakua kwa kasi, anachoma chakula kingi kupata nguvu, na katika kuchoma huko zinazaliwa chembe haribifu. Chembe hizi hushambulia mafuta yaliyomo kwenye utando unaozunguka kila seli. Utando ukiharibika, seli inavuja. Kwa vifaranga wetu, mishipa midogo ya damu ndiyo iliyovuja. Ule ukijani unatokana na damu iliyovunjika chini ya ngozi.

Mwili una walinzi wake, na wengi wao hutegemea madini. Seleni iko ndani ya kimeng'enya kiitwacho glutathioni peroksidesi, kinachogeuza sumu hizo kuwa maji. Zinki na shaba hufanya kazi pamoja katika kimeng'enya kingine, na manganizi inalinda sehemu ya seli inayozalisha nguvu. Vitamini E hukaa kwenye utando wenyewe na kuzuia uharibifu usisambae. Hawa wanasaidiana. Dagaa wenye mafuta yaliyoharibika humaliza vitamini E, mzigo wote unaangukia seleni, na kama seleni nayo haipo, ndiyo yale niliyoyaona.

Jambo hili sio geni. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 1957 kwamba seleni inazuia ugonjwa huu wa uvimbe kwa vifaranga. Mwaka 1973 ndipo ilipojulikana kuwa seleni ni sehemu ya kile kimeng'enya.

Kwa nini mahindi pekee hayatoshi

Mmea unachukua seleni kutoka ardhini, hivyo mahindi ya shamba moja yanaweza kuwa nayo na ya jirani yakakosa. Kwa jirani zetu Malawi, vipimo vilionyesha mahindi ya udongo wenye tindikali yana seleni kidogo sana. Kwa macho huwezi kujua.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Kwa kila kilo ya chakula, kuku wa nyama anahitaji takriban miligramu 0.15 za seleni, 8 za shaba, 40 za zinki na 60 za manganizi. Yaani seleni ya tani nzima ya chakula haifiki hata robo ya gramu! Lakini usije ukasema basi niongeze mara tatu. Seleni ikizidi ni sumu. Kwa kuku wazazi mayai hayaanguliwi vizuri na viinitete hupata ulemavu. Shaba na chuma zikizidi nazo huongeza kutu badala ya kuizuia. Na premiksi ya kuku usiwape kondoo, shaba yake inaweza kuwaua.

Fanya hivi

1. Fuata lebo. Kama inasema kilo 2.5 kwa tani, basi kilo 100 za chakula zinahitaji gramu 250. Tumia mizani, sio kiganja.
2. Changanya kwa hatua. Gramu 250 kwenye kilo 1 ya pumba laini, kisha kwenye kilo 10, ndipo umwage kwenye rundo lote. Ukimwaga moja kwa moja, wengine watapata nyingi na wengine watakosa kabisa.
3. Nusa dagaa na mashudu kabla ya kulipa. Harufu kali ya mafuta ya zamani, acha.
4. Changanya chakula cha wiki 2 hadi 3 tu, kihifadhi pakavu na penye kivuli.
5. Ukiona uvimbe, au kifaranga anapinda shingo, usikimbilie dawa. Shingo kupinda inaweza kuwa mdondo, inaweza pia kuwa ukosefu wa vitamini E. Peleka mzoga upasuliwe.

Kwa kijana wetu, tulibadilisha chakula chote na daktari akaelekeza vitamini E na seleni kwenye maji ya kunywa. Vifo vilisimama, lakini 89 walikuwa wameshaondoka. Kwa chakula walichokula wiki zile 3, premiksi iliyokosekana haikuzidi kilo moja.

Ameshaingiza vifaranga wengine. Juzi aliniita nikanuse dagaa kabla hajalipa. Nilikwenda.

Tuonane makala ijayo.