Mashindano ya roboti si vita



Jumamosi iliyopita tulibandika tangazo ku mulango wa refektwari ya kwamba kutakuwa filimu juu ya mashindano ya roboti ya wanafunzi. Chumba kilijaa mpaka madirishani. Wa mwaka wa kwanza walikaa chini, wa mwaka wa tano walisimama juu ya mabenchi, na sisi wa kamati tulikosa pa kukaa. Kisha dakika ishirini, nusu ya watu walikuwa wamekwisha kutoka. Mmoja wa wadogo wetu alisema kwa sauti: «Ata moja haikulipuka! Zinabeba-beba tu mipira.» Wengine walicheka, wakamfuata.

Kesho yake, kisha ibada, mzee mmoja wa kamati ya wazazi alituita pembeni. Yeye hakuona filimu, alisikia tu habari yake. Akatuuliza: «Banangu, hii masomo ni ya kanisa. Batoto yetu bamekwisha kuona vita ya kutosha. Sasa munataka kubafundisha kutengeneza Goliati wa chuma?» Tulimjibu kwa heshima lakini kwa haraka, tukaona kwamba hakutosheka. Kwa hiyo tunaandika leo, polepole.

Wadogo wetu walitoka juu hawakuona vita. Mzee alihuzunika juu alifikiri vita iko. Kumbe wote walikuwa na picha moja kichwani: mashini mbili ndani ya uwanja, moja inaivunja ingine mpaka moshi unatoka.

Picha hiyo haikutoka hewani. Roboti za kupigana ziko kweli. Mashindano ya namna hiyo yalianza kule San Francisco, Marekani, mwaka 1994, kwa jina la Robot Wars. Televizyo ya Uingereza ilianza kuyaonyesha mwaka 1998, na mwaka 2000 Wamarekani wakaonyesha yao yanayoitwa BattleBots. Mule ndani roboti moja inaweza kufika kilo 113. Ingine ina kisu kizito kinachozunguka kwa mbio, ingine ina nyundo, ingine ina ubao wa kumwinua adui na kumpindua. Mchezo ni wa dakika tatu, na watazamaji wanakaa nyuma ya kuta za plastiki ngumu, maana vipande vya chuma vinaruka. Hatusemi kwamba wanaozitengeneza ni watu wabaya. Wanajua hesabu na kazi ya chuma kutupita sisi wote. Lakini ile ni kazi ingine, na si ile tuliyowaonyesha.

Tena jina lenyewe linadanganya watu. Neno «roboti» lilitoka katika mchezo wa kuigiza ulioandikwa mwaka 1920 na Karel Čapek, mtu wa nchi ya Wacheki. Katika lugha yao «robota» ni kazi ya kulazimishwa, ile ambayo mtu mdogo alimfanyia bwana wa udongo bila mshahara. Babu zetu wanajua kazi ya namna hiyo vizuri bila kufundishwa Kicheki. Basi tangu mwanzo roboti ni mtumishi, si askari. Na hapa kwetu Congo, roboti ambazo watu wengi waliziona kwanza zilikuwa polisi wa barabarani. Mwaka 2013 injenia Thérèse Kirongozi na wenzake walisimamisha roboti kubwa za aluminiamu katika njia panda za Kinshasa, zinazotumia nguvu ya jua, zinazoinua mikono na kuwaambia wenye magari wasimame ao wapite. Hazikupiga mtu.

Sasa tufike ku mashindano ya wanafunzi. Yako ya namna nyingi. Sisi tutaeleza yale yaliyokuwa katika filimu, yanayoitwa FIRST. Mizizi yake iko katika darasa moja la chuo kikuu cha MIT, ambamo profesa Woodie Flowers, tangu miaka ya 1970, alikuwa akiwagawia wanafunzi wake mfuko wa vitu vya namna moja: vipande vya ubao, springi, motere ndogo, kamba. Kila mmoja alipaswa kutengeneza mashini ya kufanya kazi fulani kwa vitu hivyo tu, kisha mashini zilishindana mbele ya wote. Mtoto aliyetengeneza motokari ya waya na vifuniko vya chupa ataelewa mara moja. Tofauti yetu na wale ni kwamba kwetu mama alizitupa motokari zile, na kule profesa alizipa pointi.

Mwaka 1989 Dean Kamen, mvumbuzi wa vyombo vya hospitali, alianzisha FIRST. Alisikitika kuona vijana wa nchi yake wanajua majina ya wacheza mpira na waimbaji wote lakini hawajui jina la injenia hata mmoja. (Tujiulize sisi vilevile.) Akaungana na Flowers, na mwaka 1992 ekipe 28 zikashindana katika chumba cha michezo cha sekondari moja katika jimbo la New Hampshire. Kazi ya roboti ilikuwa kuokota mipira ya tenisi. Lakini uwanja wote ulikuwa umefunikwa na punje za mahindi, magurudumu yasipate pa kushika. Ndiyo, mahindi ya kweli, yamemwagwa chini kama mchanga! Mama wapishi wa internati wasisome mstari huu.

Tangu siku ile, kila mwaka kazi inabadilika. Mwanzoni mwa Januari ekipe zote zinafunuliwa mchezo mpya siku moja, kisha zinakwenda kujenga. Mwaka mmoja ni mipira ya kutupa ndani ya vikapu, mwaka mwingine ni pete, ao koni, ao kupanda juu ya vyuma mwishoni mwa mchezo. Roboti ni kubwa, inaweza kupita kilo 50, na inatumia batri ya volti 12. Uwanja una urefu wa metre 16 hivi na upana wa 8. Mchezo mmoja ni wa dakika mbili na nusu hivi, na mwanzoni kabisa, kwa sekunde chache, hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kugusa usukani: roboti inafuata tu maagizo iliyoandikiwa mbele. Kama hesabu yako ilikuwa mbaya, inakwenda kugonga ukuta mbele ya watu wote na wewe umesimama mikono chini. Baadaye ndipo madereva wanashika.

Mtu atasema: lakini tuliziona zikigongana! Ni kweli, na hatutaki kumficha mzee jambo hili. Kugongana kuko. Ekipe inaweza kuweka roboti yake mbele ya ingine kumzuia njia, kama vile beki anavyofanya ku mupira. Ndiyo sababu kila roboti inafungwa mkanda mnene pande zote: mbao za tripleksi, juu yake sponji, juu yake kitambaa chekundu ao cha bluu chenye namba ya ekipe. Lakini kumvunja mwenzako kwa kusudi, kumpindua, ao kumbana ku ukuta kupita sekunde chache, hayo yanahesabiwa makosa. Pointi zinakwenda kwa adui, na arbitri ana kadi ya manjano na kadi nyekundu mfukoni, sawasawa na ya kwetu. Mwenye kuleta kisu kinachozunguka hawezi hata kupita mlango wa ukaguzi.

Hapa sasa ni pale tunapoomba mtu asome polepole, juu wengi hawajui jambo hili, na bila lenyewe mengine yote yanaonekana kama adabu ya mdomo tu.

Tangu mwaka 1999 ekipe haichezi peke yake. Ilikuwa mbili kwa mbili. Tangu 2005 ni tatu kwa tatu, nyekundu na bluu. Na katika michezo ya kwanza haukujichagulia wenzako. Orodha inapangwa na kompyuta, na kila mchezo inakuchanganya na watu wengine. Ekipe uliyoshindana nayo saa tatu asubuhi, saa tano uko nayo upande mmoja. Sasa fikiri: kama asubuhi ulimvunjia motere, saa tano utabeba nani? Utabeba maiti yake. Kwa hiyo kule nyuma, pahali kila ekipe ina meza yake na vyombo vyake, utasikia kila mara mtu anatangaza kwamba ekipe fulani inatafuta mnyororo, ao waya, ao batri, na adui wake wa mchezo unaokuja ndiye anakuja mbio nayo mkononi. Si kwamba wote ni malaika. Mchezo wenyewe umepangwa hivi kwamba mwenye choyo atapata hasara.

Tena iko hivi: kisha michezo ya kwanza, ekipe nane zilizo juu zinachagua wenzao wa kwenda nao mbele. Hapo wanafunzi waliokaa siku mbili ku viti na kitabu cha mkononi, wakiandika kila roboti ilifanya nini, ndio wanakuwa wakubwa. Wanajua kwamba roboti moja isiyokuwa na jina, iliyo chini ku orodha, haikukosa kupanda hata mara moja. Inaitwa mbele ya watu wote, na dereva wake anashangaa kuliko wote. Sisi tulipoona hapo katika filimu tulifurahi kupita ku mabao. Wale waliotoka dakika ya ishirini, pole.

Woodie Flowers, aliyefariki mwaka 2019, alikuwa na jina la namna hiyo ya kufanya, ambalo sisi tunaweza kulisema hivi: ufundi wenye adabu. Yaani unashindana kwa nguvu yako yote, na papo hapo unamheshimu yule unayeshindana naye. Mfano unaotupendeza ni wa mwaka 2012. Mchezo ulikuwa kutupa mipira ya basketi, na ndani ya uwanja mlikuwa madaraja matatu yanayoinama huku na huku kama mizani. Moja la wekundu, moja la bluu, na la katikati jeupe. Juu ya lile jeupe, roboti moja nyekundu na moja ya bluu zilipaswa kupanda pamoja na kusimama daraja lisiegemee upande. Zikifaulu, pande zote mbili zilipata pointi mbili za orodha, na kushinda mchezo wenyewe kulikuwa vilevile pointi mbili. Basi ekipe iliyoshindwa, lakini ikasimama vizuri pamoja na adui wake juu ya daraja, ilitoka na pointi sawa na za mshindi aliyekataa kupanda. Hatujui mupira wa kwetu wenye kanuni kama hiyo. Ingekuwapo, labda mechi yetu na jirani zetu wa upande wa pili wa mto isingeisha kwa mawe.

Hata zawadi iliyo juu ya zote haipewi mwenye roboti ya nguvu. Tangu mwaka 2023 inaitwa Impact Award, na inapewa ekipe iliyosaidia watu wake kupenda sayansi.

Tusifikiri lakini kwamba mambo yote ni sawa. Roboti kubwa ya namna hii inakula feza nyingi, na ekipe yenye kampuni nyuma yake inaanza mbele ya ingine. Kwa sababu hiyo, kati ya sababu zingine, Kamen alianzisha mwaka 2017 mashindano ya mataifa kule Washington, ekipe moja kwa kila nchi, na kila moja ilipelekewa sanduku la vipande vya namna moja. Nchi zaidi ya 150 zilifika. Kazi ilikuwa juu ya maji safi: kutenga mipira ya bluu, iliyokuwa mfano wa maji mazuri, na ile ya rangi ya machungwa, iliyokuwa uchafu. Wasichana wa Afghanistan walinyimwa viza mara mbili, na siku za mwisho ndipo wakaruhusiwa. Walifika, wakacheza, wakarudi na medali ya feza kwa ajili ya uhodari wao. Walitoka katika nchi yenye vita, na kitu walichokuja kutenganisha kilikuwa maji. Mzee, hiki ndicho tulitaka kukuambia siku ile mbele ya kanisa, na hatukupata maneno.

Kikundi chetu hakina sanduku. Kina motere nne ndogo za radiokaseti zilizokufa, batri moja ya pikipiki ambayo profesa wa fizika ametuazima (tusiimalize kabla ya majaribio ya darasa la nne), waya, na vipande vya tripleksi vilivyobaki ku benchi mpya. Roboti zetu bado hazina akili. Zinaongozwa kwa waya mrefu na vifungo viwili, na injenia wa kweli atasema hizo si roboti bado, nasi hatutabisha. Uwanja utakuwa meza mbili za refektwari. Kazi: kusukuma vifuniko vya chupa ndani ya boksi kwa dakika mbili. Ekipe ni nne, mbili kwa mbili, na kila mchezo tutapiga kura upya kujua nani yuko na nani. Wasichana wako wawili tu mpaka leo, nasi tungependa wengine. Mwenye motere ya radio ao ya feni iliyokufa ailete Jumatano kisha masomo, ku chumba cha fizika.

Arbitri bado hatuna. Tumemwomba yule mzee, tukamwambia tutampa kadi ya manjano na nyekundu. Amesema atafikiri. Kisha akauliza kama mwenye kupindua mwenzake anatolewa nje kabisa, ao anaonywa kwanza.

Kwa niaba ya kamati ya wanafunzi,
Doyeni wa masomo, mwaka wa sita