Pima prosesa ya kompyuta yako kabla haijakuangusha mpakani

NAKAWA, Kampala

Malori yanayotoka Malaba na Busia huingia Kampala kwa Barabara ya Jinja na kupita hapa Nakawa, yalipo makao makuu ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA. Lakini kabla ya lori kufika, mzigo wake huwa umetangulia kama tarakimu. Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze kutekelezwa mwaka 2014, ushuru wa bidhaa za kuja Uganda hushughulikiwa shehena ikiwa bado Mombasa au Dar es Salaam, na wakala hujaza maelezo yote kwa kompyuta.

Kwa hiyo kompyuta ya mfanyabiashara wa mpakani imekuwa kitendea kazi kama mizani. Mizani hukaguliwa na kupigwa muhuri. Kompyuta je, nani huikagua?

Mimi sikuwahi kuikagua yangu. Ilianza kujizima kila nilipofungua jedwali kubwa la bei za mazao ya mipakani. Nilidhani ni virusi, nikafuta mafaili na kununua programu ya kuviua, bila nafuu. Fundi mmoja jirani na soko la Nakawa hakukimbilia bisibisi. Aliuliza inajizima wakati gani, akachomeka flashi, akaendesha programu ya kuipima prosesa, kisha akaniambia nikanywe chai.

Niliporudi, kipimo kilikuwa kimekatika na joto lilikuwa juu mno. Alipoifungua, feni ilikuwa imezibwa na vumbi, na ile dawa inayopakwa juu ya prosesa ili kupitisha joto ilikuwa imekauka. Alisafisha, akapaka nyingine, akarudia kipimo. Safari hii kilifika mwisho. Prosesa ilikuwa nzima. Kama nisingepima, pengine ningenunua kompyuta mpya kwa sababu ya vumbi.

Ugonjwa wa kimya

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote ndani ya kompyuta. Si kifaa kinachokufa ovyo. Feni, betri na diski huharibika mapema zaidi. Lakini ikiugua, dalili huwa za namna mbili. Ya kwanza unaiona: kompyuta inaganda, inajizima au inajiwasha upya. Ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu mashine inaendelea kufanya kazi huku ikitoa majibu ya uongo.

Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walieleza kisa cha prosesa moja iliyotakiwa kupiga hesabu ya 1.1 kwa kipeo cha 53. Jibu, ukiacha desimali, ni 156. Kiini kimoja cha prosesa hiyo kilitoa sifuri. Kwa kuwa hesabu hiyo ilitumika kujua ukubwa wa mafaili, mafaili yalionekana matupu na kupotea bila onyo lolote. Mwaka huohuo wahandisi wa Google nao walisema hukuta viini vichache vya aina hiyo katika kila maelfu kadhaa ya mashine.

Idadi hiyo ni ndogo, na haifai kumtia mtu hofu. Hata hivyo, hebu fikiria safu ya kodi katika ankara yako ikisoma sifuri, na wewe umeshaiwasilisha.

Namna ya kupima

Kazi hii haihitaji shahada. Kwanza hifadhi nakala ya mafaili yako kwenye flashi au diski ya nje. Weka kompyuta juu ya meza ngumu, si kitandani, ichomeke kwenye umeme na ufunge programu nyingine zote.

Kama prosesa ni ya Intel, kampuni hiyo hutoa bure programu iitwayo Intel Processor Diagnostic Tool. Huangalia aina na kasi ya prosesa, huibebesha kazi nzito, kisha husema imefaulu au imefeli. Prime95, nayo ya bure, hufaa kwa Intel na AMD. Huipa prosesa hesabu ambazo majibu yake yanajulikana, na jibu lisipolingana hutoa taarifa ya kosa.

Angalia joto wakati wote wa kipimo. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Zikikifikia hupunguza kasi, na joto likizidi hujizima.

Ikifeli, usiihukumu prosesa hapohapo. Safisha feni, jaribu chaja nyingine, kisha pima RAM kwa MemTest86, inayoendeshwa kutoka kwenye flashi kabla ya Windows kuwaka. Rudia kipimo. Ikifeli tena baada ya hayo yote, usiitumie kwa hesabu za fedha.

Kufaulu mara moja nako si cheti cha maisha. Kuna hitilafu zinazojitokeza kwa kazi fulani tu, au mashine ikipata joto. Ndiyo maana kampuni kubwa hurudia vipimo. Kwa duka au ofisi ya wakala, kila baada ya miezi mitatu panatosha, na pia kila kompyuta inapoanza tabia ngeni.

Ukinunua kwa kuuza

Anayenunua kompyuta zilizotumika Kampala ili akaziuze Arua, Goma au Juba ana sababu ya ziada. Kosa likigunduliwa ng'ambo ya mpaka, nauli ya kurudi na siku zilizopotea zaweza kumeza faida yote, hata kama muuzaji atakubali kubadilisha.

Basi pima kabla ya kulipa, mbele ya muuzaji. Risiti ioneshe namba ya mashine na kwamba imefaulu kipimo. Muuzaji akikataa kipimo cha nusu saa, amekwishakujibu.