Kusimama nako kuna ufundi wake

Ukipita Gikomba asubuhi marobota ya mitumba yakifunguliwa, msomaji mpenzi, hebu watazame wauzaji miguuni. Huyu ameegemea mguu mmoja, kiuno kimepinda. Yule amekaza magoti kama mlingoti. Jioni ikifika, mgongo unawauma wote wawili.

Katika yoga, mazoezi yenye asili ya India, kusimama tu ni zoezi kamili. Huitwa Tadasana, yaani mkao wa mlima, na wengi hulidharau. Tandaza vidole vya miguu. Gawa uzito kati ya kisigino, shina la kidole gumba na shina la kidole cha mwisho. Kaza mapaja kidogo bila kufunga magoti. Shusha mabega, upumue taratibu kwa pua.

Usidhani umetulia kama nguzo! Mwili huyumba kidogo wakati wote, na misuli ya shavu la mguu ikijikaza husukuma damu irudi moyoni. Ndiyo sababu anayesimama kutwa bila kusogea huvimba miguu. Basi mteja akiondoka, inua visigino mara kumi.

Ukizoea, jaribu mkao wa mti: simama kwa mguu mmoja, wayo wa pili uuegemeze pajani au chini ya goti, kamwe si kwenye goti lenyewe. Kaza macho mahali pamoja, kwani ukiyafumba utapepesuka mara moja.

(Na anayesema yoga ni ya matajiri ajue kwamba Africa Yoga Project, lililoanza Nairobi mwaka 2007, limewafunza ualimu vijana wa mitaa ya mabanda.)

Mjamzito na mwenye kizunguzungu wasimame karibu na ukuta.