KCSE: Ukimaliza Daftari, Lifunge Ujipime

Watahiniwa wengi wa Kidato cha Nne wamemaliza silabasi na madaftari yamejaa. Sasa wafanye nini hadi siku ya mtihani?

Wengi husoma daftari lile lile tena na tena. Njia hiyo hudanganya. Mwaka wa 2006, watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapima wanafunzi wa chuo kikuu. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma tu ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40, ilhali waliosoma mara moja kisha wakajipima mara 3 walikumbuka asilimia 61.

Kwa hivyo, mtahiniwa:

• Soma mada moja, funga daftari, uandike unachokumbuka. Lifungue uone ulichosahau. Hapo ndipo pa kurudia.

• Fanya karatasi za miaka iliyopita kwa muda uliowekwa. Karatasi ya Pili ya Kiswahili, kwa mfano, ina alama 80 kwa saa 2 na nusu. Mwombe mwalimu mwongozo wa kusahihishia.

• Rudia mada iliyokushinda baada ya siku 2, kisha baada ya wiki.

• Usikeshe. Usingizi husaidia kumbukumbu.

Wazazi na walezi, hata asiyejua Fizikia anaweza kushika daftari na kumuuliza mtoto maswali yaliyomo. Mpunguzieni pia kazi za jioni, wavulana kwa wasichana. Saa moja tulivu kila jioni haigharimu karo.